Huduma za watoto viziwi, wasioona na wenye uoni hafifu zikipangwa upya Unguja na Pemba, familia ziingie hatua gani?

MaalimMtambwe (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Sianzishi uzi huu ili kuthibitisha kwamba familia zishirikishwe, maana hilo limeshakatwa kisheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 4 ya mkataba huo inaitaka serikali ishauriane na watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, kila inapotunga sheria na sera zinazowahusu. Hapa Zanzibar tunayo sheria yetu ya watu wenye ulemavu, iliyotungwa mwaka 2006 na kuandikwa upya mwaka 2022. Ninalotaka tulijadili ni wakati: familia huitwa lini, na zikishaitwa huwa limebaki jambo gani ambalo kauli yao inaweza kulibadilisha?

Nilikuwa mwalimu mshauri wa elimu mjumuisho kwa muda mrefu, na warsha nilizohudhuria karibu zote zilikwenda kwa mtindo mmoja. Rasimu inaandikwa na mtaalamu, inachapishwa, inafungwa vizuri, ndipo wazazi wachache wanaalikwa siku moja kuja kutoa maoni juu ya kitabu ambacho hawajawahi kukiona na ambacho hakuna aliyekuwa na nia ya kukigusa tena. Ni sawa na fundi cherahani anayekuletea kanzu iliyokwisha kushonwa na kupigwa pasi, kisha akakuuliza ungependa upimwe vipi.

Chukueni mfano wa mtoto kiziwi wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba. Mfano huu nimeuunganisha kutokana na watoto wengi niliowafahamu. Wa kwanza kushuku ni bibi yake, kwa sababu mtoto akilala kwake usiku hashtuki kwa adhana wala kwa jogoo. Anaambiwa asiwe na pupa, hata baba wa mtoto alichelewa kusema. Kituo cha afya kinampima uzito na kumchanja kila anapopelekwa, lakini masikio hayaulizwi. Anapofika miaka mitatu, mama anapanda gari hadi Chake Chake, anaambiwa avuke bahari kwenda Unguja kwa vipimo, anauza mbuzi, anavuka, analala kwa jamaa, na inshaallah anarudi na shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia. Miezi michache baadaye sikio la mtoto limekua na kile kipande laini kinachoingia sikioni kimekuwa kidogo, kwa hiyo kifaa kinapiga mluzi, mtoto anakichomoa na kukitupa, na mama anakifungia kabatini kisije kupotea. Mtoto anaingia skuli mwaka unaofuata, naye mwalimu hajui kwamba kifaa kipo.

Sasa tazameni kumbukumbu za kila idara. Kituo cha afya kimechanja, hospitali imepima na kutoa kifaa, skuli imemwandikisha. Kila mmoja amemaliza kazi yake na hakuna anayestahili kulaumiwa, ila mtoto amefika miaka saba hana lugha. Pengo limekaa katikati ya idara, mahali ambapo hakuna ofisi wala faili, na watu pekee waliopita njia nzima kutoka mwanzo hadi mwisho ni yule bibi na yule mama. Mtaalamu yeyote anayeanza kuchora huduma mpya bila ya kukaa nao kwanza anachora njia ambayo hajaipita.

Kuna sababu nyengine, na hii ndiyo iliyonifanya nibadilike mimi mwenyewe. Mwaka 1998 watafiti wa jimbo la Colorado, Marekani, wakiongozwa na Christine Yoshinaga-Itano, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya kutimia miezi sita kuwa hawasikii vizuri, na familia zao zikapata msaada mapema, walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Msaada uliotolewa ulikuwa wa kwenda nyumbani na kuwafundisha wazazi namna ya kuzungumza na mtoto wao, kwa sauti, kwa ishara au kwa vyote viwili. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho: upasuaji ni mwanzo tu, kwani baada yake inahitajika miwani, na mara nyingi jicho lenye nguvu zaidi lizibwe kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lijifunze kuona. Daktari hawezi kuwepo saa hizo. Yupo mama, anapika, na mtoto analia anavuta plasta. Kazi kubwa ya huduma hizi hufanyika nyumbani, na anayeifanya hakuulizwa kama ratiba aliyopewa inawezekana.

Ningependa kusikia kutoka kwa wazazi kwanza, kisha watendaji.

MamaWaMatemwe

Waalaykum salaam Maalim. Mimi mwanangu ana uoni hafifu, yuko darasa la nne, na nitaanza na jambo ambalo wakubwa wataliona dogo.

Mikutano ya wazazi huku kwetu hupangwa asubuhi, na taarifa hufika kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, jioni ya jana yake. Wanawake wengi wa pwani hii tunalima mwani. Maji ya bamvu, yale yanayojaa na kupwa sana, yakikupwa asubuhi sisi tuko baharini, na hakuna anayeacha kamba zake za mwani siku hiyo kwa ajili ya mkutano, maana hizo ndizo siku za kazi. Kisha ripoti inaandikwa kwamba mwitikio wa wazazi ulikuwa mdogo. Anayetaka kutuona aangalie mwezi: tarehe nane hadi kumi za mwezi wa Kiislamu, au ishirini na mbili hadi ishirini na nne, maji ni mafu na sisi tupo nyumbani. Hilo halihitaji fedha yoyote, linahitaji mtu wa kuuliza.

La pili ni yale tunayoyajua ambayo hayana pa kuandikwa. Mwanangu aliwekwa nyuma ya darasa kwa sababu ni mrefu, na mwalimu akadhani ni mvivu wa kunakili. Nyumbani nilikuwa nimeshagundua kwamba akikaa mlangoni, mwangaza ukiwa nyuma yake, na maandishi yakiandikwa kwa kalamu nene nyeusi, anasoma bila ya shida. Akikabili dirisha hasomi kitu. Pia nilijua kwamba jioni mwanga ukipungua hujikwaa, kwa hiyo humtuma chuoni, anakosoma Kurani, na binamu yake. Nilimweleza mwalimu wa kwanza akanisikiliza vizuri. Mwaka uliofuata mwalimu amebadilika, nikaanza upya. Hospitalini nako nilipokwenda kwa miwani nilieleza yote tena kwa daktari ambaye hakuwa na muda. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kubadilishwa, ningechagua daftari la mtoto, linalokaa kwangu, ambalo daktari anaandika, mwalimu anaandika, na mimi naandika pia, na kila mpya anayekuja analisoma kabla hajaniuliza.

Mwambao_Mstaafu

Nimewasoma kwa makini, na kwa heshima zote nitasimama upande wa pili kidogo, kwa kuwa niliwahi kukaa katika meza ya mipango.

Kwanza, familia haina kauli moja. Utakuta baba anataka mtoto apelekwe dahalia mjini, mama hataki aondoke, na bibi anataka apelekwe kwa mganga. Mpangaji afuate ya nani? Pili, wapo wazazi wanaomficha mtoto ndani hata sheha asimjue, na hao hawatakuja katika mkutano wowote, iwe bamvu au maji mafu. Wanaokuja ni wale wale wa Mjini waliosoma, wenye simu na wanaojua kusema, kwa hiyo huduma itakayopangwa itawafaa wao. Tatu, mambo mengine ni ya kitaalamu. Kiwango cha usikivu hakipigiwi kura. Na nne, ambalo watu hawapendi kulisikia, kila shauri la familia lina gharama, na ukishamuuliza mtu anataka nini kisha ukashindwa kumpa, umemvunja moyo zaidi ya kutomuuliza.

MaalimMtambwe

Ahsante Mzee. La nne ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo. Kinachowavunja wazazi moyo ni kimya. Sijawahi kukutana na mzazi aliyekasirika kwa kuambiwa "hili hatuliwezi mwaka huu kwa sababu hii", lakini nimekutana na wengi walioapa kutorudi katika mkutano kwa sababu walisema, yakaandikwa, na hawakusikia tena neno. Kila ombi lijibiwe kwa maandishi, limekubaliwa au limekataliwa na kwa nini, na jibu lisomwe mbele ya walioomba. Afisa akijua kwamba atarudi kujibu, atauliza maswali anayoweza kuyabeba.

Kuhusu utaalamu, tugawe mambo. Namna ya kupima usikivu, dawa gani ni salama, lini jicho lipasuliwe, hayo ni ya wenye taaluma na hakuna mzazi mwenye akili anayeyataka. Lakini siku ya kliniki, mahali pa kliniki, nani anampa mama habari na kwa maneno gani, baba awepo au asiwepo, kifaa kikiharibika kipelekwe wapi, mtoto akimaliza hospitali nani anaipigia skuli simu: haya hakuna aliyeyasomea kuliko anayeyaishi. Uingereza, katikati ya miaka ya 2000, walijaribu njia hiyo katika huduma ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo katika hospitali ya Luton. Wagonjwa walisimulia safari yao peke yao, wahudumu wakasimulia ya kwao peke yao, kisha wakakaa pamoja wakachagua mambo ya kurekebisha na kuyarekebisha bega kwa bega. Wagonjwa hawakugeuzwa kuwa madaktari. Njia hiyo imeenea kwa sababu mengi yaliyoibuliwa katika mazungumzo ya namna hiyo huwa ya kawaida kabisa, ambayo mhudumu ameyazoea hata hayaoni tena.

Kuhusu kuficha watoto, naomba tuulize mzazi aliambiwa nini siku ya kwanza. Mama anayeambiwa mbele ya foleni nzima, "huyu hasikii, hatasema", halafu akafungiwa mlango, atakwenda kumweka wapi? Anayeweza kufungua mlango wa nyumba ile ni mzazi mwenziwe ambaye wa kwake sasa anasoma, wala si gari yenye nembo ya mradi.

Ishara_Mkoani

Mimi ni kiziwi, na naandika kwa ajili ya wenzangu ambao hawamo humu. Nimefurahi na uzi huu, lakini nimesoma hadi hapa na sijaona mtu aliyetaja watu wazima viziwi au wasioona.

Tafiti za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya watoto tisa katika kila kumi wasiosikia huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake familia nyingi zitakazokaa katika meza hiyo hazijawahi kukutana na kiziwi mtu mzima kabla ya kumzaa mmoja. Wanampenda mtoto wao, hilo sina shaka, lakini wanachokiomba ni kile wanachokijua, yaani asikie na aseme. Mimi nyumbani kwetu tulikuwa na ishara zetu za kula, kuoga, kulala na kukatazwa. Babu yangu alipofariki, niliona watu wengi wamekuja, mikeka imetandikwa, nikapewa chakula. Nilijua kwamba amekufa baada ya kumtafuta kitandani kwake siku kadhaa, kwa sababu hakukuwa na ishara ya kunieleza. Mama hakuwa na kosa. Hapakuwa na mtu wa kumfundisha Lugha ya Alama ya Tanzania, na hakuna aliyemwambia kwamba ni lugha kamili yenye sarufi yake.

Ile ibara ya 4 aliyoitaja Maalim, ukiisoma hadi mwisho, inasema ushauriano ufanywe na watu wenye ulemavu, pamoja na watoto, kupitia jumuiya zao. Hapa tunazo: CHAVIZA ya viziwi, ZANAB ya wasioona, na SHIJUWAZA inayoziunganisha jumuiya hizi. Mzazi hasimami mahali pa mwanawe maisha yote. Ninachoomba ni kwamba mtoto akifika umri wa kueleza, aulizwe yeye, kwa lugha yake, na asiulizwe mbele ya mwalimu wake. Na wazazi wanapokutana pawepo na mkalimani, kwa sababu wako wazazi ambao wao wenyewe ni viziwi, nao husahauliwa kila mara. Huduma mpya iwe na viziwi watu wazima wanaolipwa kwenda majumbani kufundisha lugha ya alama kwa mama, baba, ndugu na jirani. Nasema wanaolipwa, kwa sababu tumechoka kulipwa soda na biskuti.

MamaWaMatemwe

Ndugu yangu, umenigusa, na ninakubali. Mwanangu mwaka jana alikutana na mwalimu asiyeona, akamsikia anasoma nukta nundu kwa vidole haraka kuliko mimi ninavyosoma kwa macho. Alipotoka pale aliniuliza kama na yeye ataweza kuwa mwalimu. Mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria.

Mhudumu_Shehia

Naongeza kwa upande wa afya. Sisi wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, chini ya mpango wa Jamii ni Afya, tunatembelea nyumba zenye wajawazito na watoto wadogo, na maswali tunayouliza yako katika simu. Tunafika hadi nyumba ambazo hakuna daktari aliyewahi kuzifika, kwa hiyo naona hapa ndipo familia zingeanza kusaidia kupanga.

Ukimuuliza mama kama mtoto wake anasikia, atakujibu ndiyo, tena kwa uhakika, kwa sababu mtoto hugeuka mlango ukibamizwa. Hugeuka kwa sababu sakafu imetikisika au kivuli kimepita. Mama aliyekwisha kupita njia hiyo angekufundisha kuuliza kwa namna nyengine: mtoto akiwa amekupa mgongo na amekaa juu ya mkeka, ukimwita kwa sauti ya kawaida, hufanya nini? Akiamka usiku katika giza akakusikia unaongea, hunyamaza kabla hajakuona? Maswali ya namna hii wanayatunga wao vizuri kuliko mtaalamu aliye ofisini. Kwa upande wa macho, mzazi yeyote aambiwe kwamba akiona weupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto, pengine katika picha aliyopigwa kwa simu, asisubiri hata wiki, kwa sababu inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya jicho inayoua.

Tusisahau kuzuia. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuepukwa. Chanjo ya surua na rubela tunayo tangu mwaka 2014, na rubela ya mama mjamzito inaweza kumzalia mtoto asiyesikia na asiyeona pia. Sikio linalotoa usaha tumezoea kulitia mafuta ya nazi na kulisubiri likauke lenyewe, na hapo ndipo watoto wengi hupoteza usikivu kidogo kidogo.

Nina wasiwasi mmoja. Nikimgundua mtoto katika shehia yangu leo, nimpeleke wapi kesho? Tukiwatafuta watoto wengi zaidi kabla ya kutengeneza kinachofuata, tutakuwa tunazisambaza huzuni nyumba kwa nyumba.

Baba_Wete

Naomba niwakilishe watu wachache. Binti yangu haoni na hasikii. Tulipompeleka panaposhughulikiwa wasiosikia tuliambiwa haoni, hapafai; tulipompeleka panaposhughulikiwa wasioona tuliambiwa hasikii, hapafai. Ibara ya 24 ya mkataba ule inawataja viziwi wasioona kwa jina, lakini katika foleni zetu hawana foleni.

Ninachotaka kusema ni kwamba familia imeshabuni mambo kabla ya huduma kuja. Binti yangu humtambua mama yake kwa bangili: mama akimkaribia humgusisha bangili kwenye kifundo cha mkono, na mtoto hutulia. Mimi humgusisha ndevu zangu kwenye kiganja. Bibi yake hana haja ya kufanya kitu, harufu ya udi humtangulia. Kabla ya kuogeshwa hupewa kopo ashike, kabla ya kutoka hupewa kilemba changu. Hayo ndiyo mawasiliano yake, na yana miaka. Alipokuja mtaalamu mmoja kutoka nje, mtu mwema kabisa, alianza na kadi zake na vifaa vyake bila ya kuuliza, na mtoto alilia hadi akaondoka. Angeanza kwa kuazima bangili, angefika mbali. Sasa mkipanga huduma mpya, fomu ya kwanza isiulize tu mtoto ana tatizo gani, iulize nyumbani mnazungumza naye vipi.

Mwambao_Mstaafu

Hili la Baba wa Wete limeninyamazisha, na nalegeza msimamo wangu wa mwanzo juu ya familia. Hata hivyo bado nataka kuona utaratibu. Maneno mazuri tunayo mengi visiwani humu. Nani ataanza, wapi, na kwa fedha ya nani?

MaalimMtambwe

Nitajibu kama ningepewa mimi.

Ningeanza na wilaya moja, na ningechagua Micheweni, kwa sababu huduma ikifanya kazi kwa familia iliyo mbali na hospitali kubwa, itafanya kazi popote; tukianzia Mjini tutajidanganya. Ningewaomba masheha, wahudumu wa afya ya jamii na walimu wa chuoni wawatafute watoto, kwa sababu mwalimu wa chuoni huijua nyumba ambayo skuli haiijui. Familia zingekutana peke yao kwanza, karibu na makwao, siku za maji mafu na nje ya uchumaji wa karafuu, nauli ikitolewa mkononi siku ile ile. Viziwi na wasioona watu wazima wangekutana peke yao, pamoja na mkalimani. Watendaji wa afya, elimu na ustawi wa jamii wangekutana peke yao nao, kwa sababu na wao wana machungu yao: mwalimu mwenye watoto wengi darasani na mashine moja ya nukta nundu ana haki ya kusema. Mikutano hii mitatu isiharakishwe. Nimeona mara nyingi mzazi akinyamaza mara tu afisa anapoingia, hasa mama kijana.

Kisha wakae pamoja, na meza ipewe kitu cha kuamua kweli, hata kama ni kidogo. Mimi ningeanza na shimesikio, kwa kuwa hapo fedha inapotea machoni petu. Betri zake ndogo zina kijikaratasi kinachobandikwa juu. Kikishabanduliwa hewa inaingia na betri inaanza kuisha hapo hapo, kifaa kitumike kisitumike. Nimeona nyumba ambapo watoto wamezibandua zote kwa mchezo siku ya kwanza, na wazazi wakaamini kwamba wamepewa betri mbovu. Hakuna aliyewaeleza, wala kuwaambia kwamba jasho na unyevunyevu wa pwani huua kifaa, wala kwamba kile kipande cha sikioni hubadilishwa kadiri mtoto anavyokua. Kununua vifaa bila ya kupanga betri, vipande na fundi wa karibu ni kununua mapambo ya kabati. Familia zikiulizwa, zitakwambia kwamba afadhali vifaa vichache vyenye huduma ya baadaye hapa hapa Pemba kuliko vingi vya kupigiwa picha.

Kuhusu fedha, Mzee, bajeti ya warsha za hotelini inatosha kuanzia. Nasema hivyo nikiwa nimekula sana chakula cha warsha hizo.

Kwa Ndugu wa Mkoani: umesahihisha mpango wangu. Kila familia mpya ikutane na watu wawili mapema iwezekanavyo, mzazi mwenye uzoefu na mtu mzima mwenye ulemavu kama wa mtoto. Wakitofautiana kuhusu kifaa na lugha ya alama, wazazi wasikie pande zote mbili, kwani mtoto mwenye shimesikio hakatazwi ishara. Ila lugha isisubiri kifaa. Kifaa kinaweza kuchelewa melini, akili ya mtoto haisubiri.

Na kwa Mhudumu, wasiwasi wako ni wa haki. Tafuteni watoto katika wilaya ile moja tu, ambamo kinachofuata kimeshaandaliwa.

Mhudumu_Shehia

Swali moja la utendaji, Maalim. Katika nyumba nyingi ninazozipita, mama wa mtoto yuko Unguja kwa kazi, au ameolewa kwengine, na mtoto analelewa na bibi au shangazi. Cheti cha kuzaliwa kina jina la mama, fomu za hospitali zinamtaka mzazi asaini, na bibi huyo anaambiwa arudi na mwenye mtoto. Katika mikutano hii mwakilishi wa familia atakuwa nani?

MaalimMtambwe

Aje anayelala na mtoto chumba kimoja. Mama au baba aliye mbali apigiwe simu na aelezwe, maana idhini ya upasuaji na mambo ya kisheria yanabaki kuwa yake, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 inawapa wazazi wajibu wao. Lakini kiti cha mezani ni cha yule anayebandika plasta juu ya jicho asubuhi na kuitafuta chini ya kitanda jioni. Ikiwa ni bibi, basi ni bibi, na nauli yake na ya mjukuu anayemshika mkono zihesabiwe tangu mwanzo.

MamaWaMatemwe

Na kama hajui kusoma, daftari lile aandikiwe na mjukuu mwengine. Kwetu ndivyo tunavyofanya na barua za benki.